Mshukiwa amekiri, lakini mbele ya nani?

Mpwa wangu aliporejea likizo kutoka Marekani aliniletea zawadi ambayo vijana wa leo wangeiona ya kizamani: kasha la diski zenye vipindi vya Homicide: Life on the Street, ile tamthilia ya wapelelezi wa jiji la Baltimore iliyoonyeshwa na shirika la NBC kuanzia mwaka 1993 hadi 1999. Alijua ninavyoipenda. Nami, badala ya kuanza na kipindi cha kwanza kama afanyavyo mtu mstaarabu, nilikwenda moja kwa moja kwenye kipindi kimoja cha mwaka ule wa kwanza, kiitwacho "Three Men and Adena". Kilirushwa hewani mara ya kwanza Machi 3, 1993.

Nilikitazama mara ya kwanza miaka michache baadaye, kwenye kanda ya video iliyokwisha kuchakaa, nyumbani kwa rafiki mmoja mtaani Buruburu. Tulikuwa wanaume saba sebuleni. Nakumbuka kwamba kufikia katikati ya kipindi hakuna aliyekuwa ameegemea kiti chake, na mmoja wetu alikuwa akiipigia televisheni kelele: "Sema, mzee! Sema tumalize!" Tulitaka mshukiwa akiri. Alipokosa kukiri tulitawanyika tukinung'unika, mithili ya mashabiki ambao timu yao imenyimwa penalti ya wazi.

Safari hii nilikitazama na binti yangu, ambaye anasomea sheria. Hata dakika kumi hazijapita, akaniuliza: "Baba, kwani wakili wake yuko wapi?"

Swali hilo halikuulizwa na hata mmoja wetu kule Buruburu. Ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwa faida ya msomaji asiyekijua kipindi hicho, kisa chenyewe ni hiki. Msichana wa miaka 11, Adena Watson, ameuawa. Mpelelezi Tim Bayliss ni mgeni katika kitengo cha mauaji na kesi hii ndiyo ya kwanza aliyokabidhiwa. Imemkosesha usingizi. Mshukiwa wake ni mzee Risley Tucker, mchuuzi wa matunda anayezunguka mitaani na mkokoteni wa farasi. Wachuuzi wa aina hii huitwa Arabber kule Baltimore, ingawa wengi wao ni Wamarekani Weusi wasio na nasaba yoyote na Uarabuni. Bayliss na mwenzake, Frank Pembleton, wamepewa saa 12 za kumhoji mzee huyo kwa mara ya mwisho. Zikiisha bila yeye kukiri, itawabidi wamwachilie.

Basi ni hivyo tu. Hakuna kufukuzana kwa magari wala milio ya bastola. Karibu kipindi chote kimo ndani ya chumba kimoja, chenye meza, viti, kuta na wanaume watatu. Mtunzi, Tom Fontana, alituzwa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo, na mwelekezi alikuwa Martin Campbell, huyo huyo aliyekuja kuelekeza filamu mbili za James Bond. Anayedhani kwamba mchezo wa televisheni hauwezi kumkaba mtu roho bila mlipuko hata mmoja, na akitazame.

Wapelelezi wale wanajaribu kila mlango. Wanaanza kwa upole, kisha wanageuka kuwa wakali. Wanamwonyesha ushahidi walio nao, uhusuo masizi ya zizi lake lililoungua, na kumtaka aeleze yalivyofika kwenye nguo ya mtoto. Wanafukua ulevi wake wa zamani. Mmoja anapochoka, mwenzake anashika usukani. Kuna wakati Bayliss anamkamata mzee na kumsukumia uso kuelekea bomba lenye joto kali, na mtazamaji anashindwa kujua kama ataachiwa au ataunguzwa. Kuna wakati mwingine ambao Pembleton anamsemesha kwa sauti ya chini, ya huruma, kama padri mbele ya mgonjwa mahututi. Mimi sasa naona kwamba sauti hiyo ya huruma ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Mzee naye si gogo. Anawageuzia kibao. Anamwambia Pembleton, Mweusi mwenzake aliyesoma na anayesema Kiingereza cha kunyooka, kwamba anawadharau Weusi maskini kama yeye. Anamchungulia Bayliss moyoni na kumwambia kwamba mna giza humo. Mwishowe anavunjika kweli, analia na kukiri jambo. Lakini analokiri si mauaji. Anakiri kwamba alimpenda mtoto yule, mapenzi ambayo mzee hapaswi kuwa nayo kwa msichana wa miaka 11. Kumuua, anasema, hakumuua.

Saa zinaisha na mzee anakwenda zake. Kisha panatokea ajabu iliyonipita kabisa nilipokuwa kijana. Pembleton, ambaye aliingia chumbani akiwa na shaka, sasa anaamini kwamba Tucker ndiye muuaji. Bayliss, aliyeapa kwa miezi kwamba ndiye, sasa hana hakika tena. Watu wawili wamekaa chumba kimoja kwa saa zile zile, wamesikia maneno yale yale na kuyatazama machozi yale yale, na kila mmoja ametoka na imani aliyoingia nayo mwenzake. Ikiwa mabingwa wa kazi hiyo wametoka wakiwa hivyo, sisi wa sebuleni tulikuwa tunapiga kelele kwa ujuzi gani?

Lazima niwape waigizaji haki yao. Andre Braugher, aliyeigiza Pembleton, alifariki Desemba 2023, na sijaona mpelelezi mwingine wa televisheni aliyeweza kukitawala chumba kama yeye. Kyle Secor anamfanya Bayliss aonekane kijana anayezama huku akijidai anaogelea. Lakini kipindi hiki ni cha Moses Gunn. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani aliyekomaa, na uso wake unabeba aibu, hasira, uchovu na ujanja kwa zamu, mara nyingine kwa pamoja. Alifariki Desemba mwaka ule ule wa 1993, akiwa na umri wa miaka 64. Hivyo nilipokuwa nikimzomea kule Buruburu, marehemu alikuwa tayari kaburini.

Wenye kasha hili wasiishie hapo. Kipo kipindi kingine, "Black and Blue", cha mwaka 1994, ambacho nakiona kuwa jibu la kile cha kwanza. Humo mtu amepigwa risasi, na Pembleton anashuku kwamba aliyefyatua ni afisa wa polisi. Mkuu wake, Giardello, angependa mno muuaji awe raia. Basi Pembleton, kwa hasira, anamwingiza chumbani kijana asiye na hatia na kumfanyia kazi. Anambembeleza, anamfariji, anamwambia ana sehemu yake ya lawama, hadi kijana analia na kutia sahihi kwamba aliua. Kisha Pembleton anampelekea mkubwa wake karatasi ile kana kwamba anamwambia: ulitaka muuaji, huyu hapa. Giardello anaichana.

Nilipoiona sehemu hiyo zamani niliichukulia kuwa maringo ya mhusika hodari. Leo naiona kuwa shahidi mbaya dhidi ya kipindi kile nilichokipenda. Maana ikiwa Pembleton aweza kumfanya asiye na hatia akiri kwa muda mfupi, basi hata Tucker angekiri katika saa ya 11, tungekuwa tumejua nini zaidi? Tungekuwa tumejua kwamba mzee amechoka.

Wala si porojo za watunzi. Tamthilia hiyo ilizaliwa na kitabu cha David Simon kilichochapishwa mwaka 1991. Simon alikuwa mwandishi wa gazeti la Baltimore Sun, na aliandamana na wapelelezi wa mauaji wa jiji hilo kwa mwaka mzima wa 1988. Kisa cha Adena kimetokana na kesi ya kweli ya msichana wa miaka 11 aliyeuawa mwaka huo. Mzee mmoja mchuuzi alihojiwa tena na tena, hakukiri, na hakushtakiwa kamwe. Kuhusu wasio na hatia wanaokiri, mfano ujulikanao zaidi ni wa New York, mwaka 1989. Vijana watano wa kati ya miaka 14 na 16 walishtakiwa kumbaka na kumjeruhi mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, na wanne wao wakarekodiwa kwenye video wakisimulia jinsi wenzao na wao walivyofanya. Nani angelipinga jambo alilolisikia kwa masikio yake? Walifungwa. Mwaka 2002 mtu mwingine akajitokeza na kusema alifanya peke yake, na chembechembe za mwili zilizohifadhiwa zikathibitisha kwamba ni za kwake. Hukumu zikafutwa. Hayo yalitokea katika nchi ambayo Mahakama yake ya Juu iliamua tangu mwaka 1966 kwamba mshukiwa sharti aelezwe haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili kabla ya kuhojiwa. Mtu huelezwa haki hizo, kisha hushawishiwa kwa upole azitie sahihi ya kuziacha. Katika kipindi cha kwanza kabisa cha tamthilia hiyo Pembleton mwenyewe anatamba kwamba kazi yake ni ya uuzaji: humuuzia mtu kifungo kirefu asichokuwa na haja nacho.

Hapo ndipo binti yangu aliponiuliza swali la pili. "Na sisi je?"

Msomaji anakumbuka Julai 2024. Kuanzia tarehe 12 ya mwezi huo, miili ya wanawake iliyokatwakatwa na kutiwa magunia ilianza kuopolewa kutoka timbo la Kware lililogeuzwa jaa la taka, huko Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Nchi nzima ilishikwa na kichefuchefu na ghadhabu. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA, ilieleza kwamba mahali pale ni chini ya mita 100 kutoka kituo cha polisi, na ikatangaza kwamba inachunguza kama polisi walihusika kwa namna yoyote. Umma nao ulikuwa ukiuliza lilo hilo, kwa sauti kubwa zaidi.

Siku tatu baadaye, Julai 15, mkuu wa Idara ya Upelelezi wa Jinai alikutana na wanahabari. Alisema mshukiwa amekamatwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba amekiri kuwaua wanawake 42 tangu mwaka 2022, wa kwanza akiwa mkewe mwenyewe. Kesho yake mtu huyo alifikishwa mahakamani, ambako wakili wake alidai kwamba mteja wake aliteswa ili aseme aliyoyasema. Mahakama iliamuru azuiliwe uchunguzi ukiendelea. Alfajiri ya Agosti 20, yeye na raia 12 wa Eritrea wakatoroka kutoka seli za kituo cha polisi cha Gigiri. Wakubwa wa polisi wenyewe walisema yaelekea walisaidiwa na watu wa ndani.

Sisemi kwamba mtu yule hana hatia. Hilo ni la mahakama, na alipotoroka kesi yake haikuwa imesikizwa. Ninalotaka msomaji alitazame ni lililotokea siku ile ya Julai 15 baada ya neno "amekiri" kutamkwa. Maswali kuhusu zile mita 100 yalipungua nguvu kwa saa chache tu. Vituo vya redio vilihama kutoka "ilikuwaje polisi wasijue?" hadi "ni binadamu wa aina gani huyu?" Wapo waliotilia shaka, tena wengi, hasa walipopiga hesabu ya wanawake 42 kwa miaka miwili. Lakini hata wao walikuwa sasa wakijadili habari za mtu mmoja. Kituo cha polisi kilikuwa kimesahaulika.

Na hili si geni kwetu. Mwaka 1986, katika msako wa Mwakenya, watu walikuwa wakitoweka kwa siku kadhaa, kisha wakitokea mahakamani Nairobi jioni, baada ya wengi kwenda makwao, bila mawakili. Walikuwa wakikiri mashtaka na kufungwa papo hapo. Nilikuwa mwalimu kijana wakati huo. Nakiri kwamba nilisoma habari zile gazetini na kuwaambia wenzangu katika chumba cha walimu: "Lakini amekubali mwenyewe!" Mmoja wetu, mzee wa hisabati, alinitazama kwa muda mrefu kisha akarudi kusahihisha madaftari yake. Vyumba vya mateso vya jumba la Nyayo House vilipofunguliwa kwa umma mwaka 2003, nilielewa kwa nini hakunijibu. Tangu hapo mahakama zetu zimeamuru wengi wa waliopitia vyumba hivyo walipwe fidia.

Ilikuwa katika mwaka huo huo wa 2003 ambapo Bunge lilibadilisha Sheria ya Ushahidi ili maungamo yaliyofanywa mbele ya polisi yasikubalike mahakamani. Polisi walilalamika kwamba wamefungwa mikono, na mwaka 2007 mlango ukafunguliwa kidogo. Leo, maungamo yakubalika ikiwa yamefanywa mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi ambaye si yeye anayeipeleleza kesi hiyo, na pawepo mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, inaongeza kwamba aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza na kwamba asilazimishwe kukiri.

Itazame sheria hiyo ukiwa na kile chumba cha Baltimore mawazoni. Wapelelezi wale wawili wangepoteza saa zao 12 bure. Hata Tucker angelia na kusema "nilimuua", maneno hayo yasingefaa kitu, kwa kuwa waliomsikia ndio wanaoipeleleza kesi. Kule walikuwa watatu chumbani, na wawili wao walikuwa wa upande mmoja. Waliotunga sheria yetu walijua wanachokifanya. Walikuwa na kumbukumbu ya Nyayo House, wakasema kiti kimoja lazima kiwe cha mtu aliyeletwa na mnyonge.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inalinda mlango wa mahakama peke yake. Haina la kusema kuhusu maikrofoni. Maneno ambayo hakimu angeyakataa mara moja yanaweza kutangazwa adhuhuri mbele ya kamera, yakapokelewa na mamilioni ya watu ambao hawatawahi kuulizwa yalipatikanaje. Na sisi tunayapokea kwa shangwe, kwa sababu tumefunzwa na miaka mingi ya tamthilia kwamba mtu akishasema "ni mimi", kipindi kimekwisha na tunaweza kwenda kulala. Nisiseme "sisi" kwa kujificha: mimi, niliyemtukana marehemu Moses Gunn kwa kukataa kukiri, ni mmoja wao.

Najua jibu la wakereketwa wa usalama. Watasema: wazungumzia haki za mshukiwa, na mama wa Kware aliyempoteza bintiye je? Ni swali la haki na halistahili kujibiwa kwa ubishi wa vitabuni. Mama huyo anataka kumjua aliyemuua mwanawe. Lakini tangazo la Julai 15 lilimpa nini? Lilimpa mtu wa kumchukia kwa siku 36, kisha mtu huyo akapotea na seli ikabaki tupu. Angepewa badala yake jina la binti yake likisomwa mahakamani, simu yake ilivyofuatiliwa, damu iliyopatikana na mahali ilipopatikana, pamoja na maelezo ya kiapo kutoka kwa kila aliyekuwa zamu katika kile kituo kilicho karibu, angekuwa na kitu ambacho kisingeweza kuruka ukuta usiku.

Mtu akikiri baada ya hayo yote, sawa, na akiri. Lakini kwanza atakayetangaza atuambie mambo mawili: alikiri mbele ya nani, na ni nani aliyekuwa ameketi upande wake.

Kipindi kilipokwisha binti yangu alitaka kujua kama tamthilia ile ilikuja kumtaja aliyemuua Adena. Nikamwambia hapana, ilikwenda miaka saba bila kumtaja. Hakuridhika. Akanikumbusha kwamba hata mimi, mara ile ya kwanza, sikuridhika, kisha akaweka diski ya pili.